Sura ya Sita: Nani Anamchukua Mtoto Ijumaa?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka mume na mke wanaotafuta talaka wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Ukiondoa mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe, mahakama haipokei shauri la talaka mpaka baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Nia ya utaratibu huo ni njema. Wajumbe wanakaa, wanasikiliza, wanaonya, kisha wanauliza swali lao kubwa: mnarudiana au hamrudiani? Wakijibiwa kwamba hawarudiani, hati inaandikwa na kikao kinafungwa.

Mara nyingi wawili hao wanaondoka pale na mtoto wa miaka sita ambaye hakutajwa hata mara moja. Hakuna aliyeuliza atalala wapi, ada ya muhula ujao italipwa na nani, baba atamwona siku zipi, nani atamfuata shuleni Ijumaa na atamkabidhi kwa nani. Maswali yote hayo wanaachiwa watu wawili ambao wametoka kuandikiwa hati kwamba hawapatani.

Sura hii naiandika kwa ajili ya yule anayeitwa kukaa katikati yao baada ya hapo: shangazi, mjomba, mshenga aliyepeleka posa, shehe, mchungaji, mjumbe wa mtaa, mwalimu wa darasa, afisa Ustawi wa Jamii. Ninalotaka kusema ni hili: kusuluhisha ndoa ni kazi moja, na kusuluhisha malezi baada ya ndoa kufa ni kazi nyingine kabisa. Katika ile ya kwanza unawasogeza watu karibu. Katika ya pili, hasa pale ugomvi ulipokuwa mkubwa, unawatenganisha kwa utaratibu mpaka wabakiwe na mambo machache sana ya kulazimika kuzungumza, ili mtoto apite kati ya nyumba mbili bila kubeba vita ya mtu yeyote.

Ugomvi usiopoa

Wazazi wengi wakiachana huvutana kwa muda, kisha wakapoa. Hasira hupungua, kila mmoja anaanza maisha yake, na taratibu ya mtoto inajipanga. Lakini wapo wasiopoa. Kule California, watafiti Eleanor Maccoby na Robert Mnookin walifuatilia familia zaidi ya 1,000 zilizokuwa zimefungua mashauri ya talaka, wakazitazama kwa zaidi ya miaka mitatu, na mwaka 1992 wakachapisha kitabu chao Dividing the Child. Waliona kwamba takriban robo ya wazazi waliokuwa wakigawana malezi bado walikuwa wakizozana mpaka mwisho wa utafiti. Waliona pia kwamba kundi kubwa zaidi halikuwa la wazazi wanaoshirikiana kwa furaha. Lilikuwa la wazazi waliokwisha kuachana na mazungumzo: kila mmoja analea anapokuwa na mtoto, na mambo yanakwenda.

Msuluhishi aliyezoea kuhubiri upendo anaweza kuliona kundi hilo kama kushindwa. Mimi naliona kama bandari ambayo wazazi wenye ugomvi mkubwa wanaweza kuifikia. Ukiwaambia watu waliotukanana miaka mitatu kwamba lazima wawe marafiki kwa ajili ya mtoto, unawapa mtihani watakaofeli Jumamosi ya kwanza. Ukiwaambia kwamba hawahitaji kupendana, wanahitaji tu kufuata ratiba, unawapa jambo linalowezekana.

Ugomvi wa aina hii huku kwetu una vyakula vyake, na anayetaka kuusaidia ufe lazima avijue.

Cha kwanza ni maneno yasiyo na tarehe. "Utakuja kumwona ukipata nafasi." "Nitakuwa natoa chochote nikijaliwa." Kwa wanaoelewana maneno hayo yanatosha. Kwa wasioelewana kila neno lisilo na siku, saa na kiasi ni ugomvi uliowekwa akiba. Baba anafika Jumapili mchana, mama ameshamvalisha mtoto kwenda kwenye harusi, na wote wawili wana haki kwa namna wanavyoyakumbuka makubaliano.

Cha pili ni kufunga pesa na kumwona mtoto katika fundo moja. Upande mmoja unasema, "Hajatoa matunzo, hamwoni." Upande wa pili unajibu, "Simwoni, sitoi." Mzunguko huo unaweza kuendelea mpaka mtoto amalize darasa la saba bila ada wala baba.

Cha tatu ni ndugu. Ndoa zetu huunganisha koo, na talaka zetu huzigombanisha. Bibi upande wa baba anasema mjukuu ni damu yao na mahari ililipwa. Upande wa mama unasema binti yao hakutumwa kuzaa na kuacha. Asubuhi moja mtoto anapandishwa basi kwenda kijijini bila mama kujua, au anahamishiwa shule ya bweni bila baba kujua, na vita inaanza upya.

Cha nne kimejificha chini ya vyote hivyo, nacho ni hofu. Mzazi anayepigana kwa ukali mno mara nyingi anaogopa kufutwa: kwamba mtoto atamwita mwingine baba, kwamba atasahau lugha ya nyumbani, kwamba akimtoa wikiendi moja hatarudishwa. Madai yake ni makubwa kuliko haja yake kwa sababu anajikinga. Ukimjibu kuhusu madai tu, utabishana naye mwaka mzima. Ukiigundua hofu na kuiwekea kinga kwenye makubaliano, madai hupungua yenyewe.

Anayelipa gharama ya haya yote ni mtoto aliyegeuzwa tarishi. "Mwambie baba yako viatu vimechanika." "Mwulize mama yako yule mwanamume anayelala pale ni nani." Mtoto wa miaka minane anajifunza kupima sura ya mzazi kabla ya kufungua mdomo. Anajifunza kusema kwa baba kwamba kwa mama alichoka, na kwa mama kwamba kwa baba hakufurahi, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoleta utulivu. Siku za kuhama nyumba anaumwa tumbo. Mwalimu anaona daftari limeanza kuchafuka. Mtoto huyo anawapenda wazazi wote wawili, na amegundua kwamba katika kila nyumba upendo mmoja lazima ufichwe.

Kwanza, je, kuna usalama?

Kabla hujaita kikao, hakikisha unachosuluhisha ni ugomvi. Mahali ambapo mmoja anampiga mwenzake, anamtishia kumuua, anamfuatafuata, au amemdhuru mtoto, hapo hakuna pande mbili za kupatanishwa. Kuna mtu anayehitaji ulinzi. Kumketisha mwanamke mbele ya mtu aliyemvunja mkono na kumwomba "alegeze kidogo" ni kumtesa mara ya pili, na makubaliano yatakayotoka pale yatakuwa yameandikwa na woga.

Kwa hiyo zungumza na kila mmoja peke yake mapema, na uulize waziwazi. Je, umewahi kumwogopa? Amewahi kukuumiza, au kumuumiza mtoto? Ukimkatalia jambo, nini hutokea? Yapo madai ya uongo, na si kazi yako kuhukumu. Kazi yako ni kuyapeleka panapostahili: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri, au simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo hupigwa bure Tanzania na Kenya pia. Pale ambapo mahakama inaona mtoto bado anufaike na kumwona mzazi mwenye historia hiyo, inaweza kuweka masharti, kwa mfano kwamba waonane mbele ya mtu mwingine na mahali palipotajwa. Masharti hayo si ya kujadiliwa upya sebuleni kwa shangazi.

Wasikilize mmoja mmoja

Desturi yetu ya kikao ni watu wote kwenye mkeka mmoja, kila mtu aseme, wazee wahitimishe. Kwa wazazi wenye chuki, mkeka huo unakuwa jukwaa. Kila mmoja anazungumza na hadhira, anataka ndugu waone nani mkosaji, na maneno yanayotoka pale hayarudi. Afadhali uende na kurudi. Kaa na mama siku moja, kaa na baba siku nyingine, beba mapendekezo kati yao, na uwakutanishe mwishoni tu kama kuna sababu. Wanaweza kukubaliana kila kitu bila kuonana uso kwa uso, na makubaliano hayo hayana upungufu wowote.

Fikiria pia kama wewe ndiye mtu sahihi. Mshenga ana heshima kwa pande zote mbili na anaijua historia, lakini kama kiongozi wa ukoo mmoja ndiye aliyemtuma, atasikika kama mjumbe wa upande. Mtu anayefaa ni yule ambaye wazazi wote wawili wanaamini hatapeleka siri kwa mwenzake na hatakula pesa wala chakula cha upande mmoja. Kama mtu huyo hayupo katika familia, ofisi ya Ustawi ipo kwa kazi hii, na wazazi wengi wa mijini "hupelekana Ustawi" kabla hata ya kufikiria mahakama.

Ukikaa na mzazi, mwache aitoe historia yake mara moja, kwa ukamilifu, bila kumkatiza. Asipoitoa ataiingiza katika kila jambo, hata katika suala la saa ya kumrudisha mtoto. Baada ya hapo usirudi nyuma tena. Akianza, "Mzee, yeye ndiye aliyetoka nje ya ndoa," jibu lako liwe la upole na la kudumu: "Nimekusikia juu ya hilo, dada. Sasa nieleze, Jumatatu asubuhi mtoto anaamka saa ngapi, na nani anampeleka shule?" Swali hilo linamtoa kwenye kesi ya ndoa na kumrudisha kwenye maisha ya mtoto. Endelea nalo: anakula nini, anaumwa nini, anamwogopa nani, rafiki zake wako wapi, kazi za shule anazifanya na nani. Mzazi anayejua majibu atakuonyesha ratiba inayofaa, na asiyeyajua atajisikia mwenyewe pengo lilipo bila wewe kumshutumu.

Miaka saba, na mengine yanayodaiwa kuwa sheria

Ugomvi mwingi hupata nguvu kutokana na sheria iliyosikika nusu. Linalosikika zaidi ni hili: "Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." Sheria ya Ndoa haisemi hivyo. Kifungu cha 125 kinasema jambo la kwanza kabisa la kuzingatia ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wahusika. Kuhusu mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inachukulia kwamba ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba siku ya kutimiza miaka saba mtoto anahamishwa. Tena inaikumbusha mahakama kwamba si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeenda mbali zaidi. Inamhesabu mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na katika kuamua akae na nani inataka yaangaliwe umri na jinsia yake, maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru, faida ya kutowatenganisha ndugu, na umuhimu wa malezi yake kuendelea bila kukatika. Wazazi wanapotengana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yake yasiathirike. Soma tena sentensi hiyo na uwasomee wazazi: haki imeandikwa kwa jina la mtoto. Mama anayemzuia baba asimwone mtoto, na baba anayekacha Jumamosi zake, wote wanachukua kitu cha mtoto. Sheria hiyo inakataza pia kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu aliyepewa kumlea. Basi la alfajiri kwenda kijijini linaweza kuwa kosa, hata kama ni baba mzazi aliyekata tiketi.

Mila nazo si moja. Kwa jamii nyingi za ukoo wa kiumeni, watoto ni wa nyumba ya baba. Kwa Waluguru na Wamakonde, mjomba wa upande wa mama alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mama ana nafasi ya kwanza katika hadhana, yaani malezi, ya mtoto mdogo, na mtoto akifikia umri wa kupambanua, unaokadiriwa kuwa miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 53 imewabebesha baba na mama wajibu ulio sawa, wawe walioana au hawakuoana. Msuluhishi anapaswa kuyajua haya ili mzazi asiweze kumtisha mwenzake kwa mila au sheria isiyokuwepo. Lakini usikae kwenye vifungu muda mrefu. Watu wakishaelewa kwamba sheria haimpi yeyote mtoto mzima mzima, wako tayari kupanga.

Sauti ya mtoto

Mtoto anastahili kusikilizwa, na hapa ndipo wasaidizi wengi wenye nia njema wanapomuumiza. Wanamsimamisha katikati ya sebule na kumwuliza, "Unataka kukaa kwa baba au kwa mama?" Hilo ni swali la kumchagulisha nani amsaliti. Akijibu, atabeba jibu lake maisha yake yote. Asipojibu, kila upande utasema ametishwa na mwenzake.

Azungumze na mtu mmoja anayemwamini, mahali patulivu, bila mzazi yeyote karibu. Maswali yawe juu ya maisha yake: siku ya kuhama nyumba huwa inakuwaje? Kuna kitu unachokikosa ukiwa kule? Kuna jambo ungependa wazazi waache kufanya mbele yako? Mwambie wazi kwamba kuamua ni kazi ya watu wazima, na muulize ni yapi kati ya aliyosema yanaweza kufikishwa kwa wazazi. Watoto husema mambo madogo yenye uzito: anataka sare ya pili ibaki kwa baba asiwe anabeba begi kubwa kwenye daladala; anataka mama asimpigie simu kila saa akiwa kule kwa sababu baba hununa; hataki kulala chumba kimoja na mtoto wa mama wa kambo. Kila moja ya hayo linaweza kuingia kwenye makubaliano.

Karatasi yenye majibu

Sasa tuandike. Kanuni ni moja: kadiri ugomvi ulivyo mkubwa, ndivyo maandishi yawe na undani zaidi. Chukua mfano wa mtoto wa miaka minane anayesoma shule ya kutwa. Anaishi na mama Mbagala, baba yuko Tegeta, na wazazi hawawezi kukaa dakika tano bila matusi. Sentensi ya "baba atakuwa anamchukua mwishoni mwa wiki" haitawasaidia. Andika hivi: "Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, baba atamchukua mtoto shuleni saa tisa alasiri, na atamrudisha shuleni Jumatatu kabla ya kengele ya asubuhi." Angalia sentensi hiyo inafanya kazi gani. Wazazi hawaonani kabisa. Mama anamuaga Ijumaa asubuhi, baba anampokea Ijumaa alasiri, na geti la shule ndilo mpaka. Likizo, shule inapofungwa, makabidhiano yawe kwa mtu wa tatu aliyekubaliwa na wote, kwa mfano shangazi anayeishi katikati, na mzazi mmoja aondoke kabla mwingine hajafika.

Likizo za Juni na Desemba zigawanywe kwa tarehe. Idi, Krismasi na Pasaka zipangwe mapema, mwaka huu huku na mwaka ujao kule, au kwa kufuata dini ya kila mzazi kama zinatofautiana. Andika pia itakuwaje mtu akichelewa: angojewe dakika ngapi, atoe taarifa kwa njia gani, na baada ya hapo mtoto abaki kwa nani. Andika itakuwaje mtoto akiugua siku ya zamu. Wazazi watasema mambo hayo ni madogo mno kuandikwa. Ugomvi wao hauanzi na mambo makubwa. Unaanza na dakika 40 za kuchelewa.

Pesa iwe na ukurasa wake, usiogusa kabisa ule wa kumwona mtoto. Sheria ya Mtoto inapozungumzia matunzo inaangalia kipato cha wazazi wote na gharama za maisha, kwa hiyo anza kwa kuorodhesha mahitaji halisi: chakula, ada, nauli, sare, matibabu, kodi ya pango. Kisha andika nani analipa nini, tarehe ngapi, kwa njia ipi. Kwa wasioaminiana, ni bora ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na bima ya afya ilipiwe na mzazi husika mwenyewe, kuliko pesa yote kupita mkononi mwa mwenzake. Inayobaki itumwe kwa simu, maana ujumbe wa muamala unabaki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayobishaniwa kama matunzo yaliyotolewa mkono kwa mkono. Halafu chini ya ukurasa huo andika wazi: kuchelewa kwa matunzo hakumzuii mtoto kumwona mzazi, na kuzuiwa kumwona mtoto hakusimamishi matunzo. Kila moja lina njia yake ya kudaiwa.

Mawasiliano yawekewe uzio. Wazazi wenye ugomvi mkubwa wasipigiane simu, isipokuwa mtoto akipata dharura. Mengine yote yaandikwe, ujumbe mfupi, kwa namba moja, juu ya mtoto tu. Ujumbe wa sauti usitumike, kwa sababu sauti inabeba hasira ambayo maandishi yanaweza kuficha. Wafundishe kipimo hiki: andika kana kwamba hakimu atausoma. Hii, "Wewe huna akili, mtoto ana homa tangu juzi hukusema," iandikwe hivi: "Mtoto ana homa. Amepimwa leo, amepewa dawa ya siku tano. Dawa iko kwenye begi." Wala picha na maneno ya mafumbo juu ya mzazi mwenzake yasiwekwe kwenye mitandao au kwenye hadhi ya WhatsApp, ambako watoto wa siku hizi wanasoma.

Mambo makubwa yatenganishwe na ya kila siku. Ya kila siku, kama chakula, saa ya kulala na nguo, yaamuliwe na mzazi aliye na mtoto siku hiyo, na mwingine asiingilie. Ubaya wa kulea kwa mitindo miwili ni mdogo kuliko ubaya wa kugombania mtindo mmoja. Makubwa, kama kuhamisha shule, upasuaji, dini, kumpeleka kuishi mkoa mwingine au nje ya nchi, yahitaji ridhaa ya wote kwa maandishi, na wasipokubaliana yapelekwe kwa mtu au ofisi iliyotajwa kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa kitajwe kinakaa kwa nani, na mwingine apate nakala.

Na ndugu watajwe. Kila mzazi aahidi kwamba mama yake, dada zake na mwenzi wake mpya hawatamsema vibaya mzazi mwingine mbele ya mtoto, wala hawatamchukua mtoto bila ridhaa yake. Ikiwezekana, bibi na babu wa pande zote wasomewe karatasi hiyo. Makubaliano mengi huvunjwa na mtu ambaye hakuyatia saini.

Muhuri, na siku ya kuvunjwa

Karatasi ya familia ina uzito wa heshima, na heshima ndiyo inayokosekana hapa. Kwa hiyo ipelekwe mbele. Ofisi ya Ustawi inaweza kuishuhudia, na wazazi walio na shauri mahakamani wanaweza kuiomba mahakama iingize makubaliano yao kuwa amri. Baada ya hapo anayevunja anavunja neno la mahakama. Mzazi asiye na pesa ya wakili atafute watoa msaada wa kisheria, ambao Tanzania wanatambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Makubaliano yatavunjwa. Tarajia hivyo na uwaandae wazazi. Mara ya kwanza mtu akichelewa saa mbili, mwenzake atakwambia, "Si nilisema?" Mfundishe kutofautisha kosa na mwenendo. Kosa moja linaandikwa tarehe yake na linaachwa. Mwenendo, yaani kosa lile lile mara kwa mara, unarudishwa kwako au Ustawi ukiwa na tarehe zake, bila matusi. Kulipiza, yaani "hukumrudisha Jumatatu, nami simtoi Ijumaa," kukatazwe kwenye karatasi yenyewe. Panga pia siku ya kuitazama upya, baada ya miezi mitatu kwanza, kisha kila mwaka, maana ratiba ya mtoto wa miaka minne haitamfaa akiwa na miaka kumi na mbili. Mzazi anayejua kwamba kuna siku ya kusikilizwa anavumilia zaidi kuliko anayedhani amefungwa milele.

Je, saa chache za kukaa na watu hawa zinaweza kubadilisha chochote? Profesa Robert Emery wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alizifuatilia familia zilizofika mahakamani kugombea watoto, ambazo kwa bahati nasibu nyingine zilipelekwa kwenye usuluhishi na nyingine zikaendelea na kesi. Usuluhishi ulichukua wastani wa saa tano hivi. Baada ya miaka 12, kati ya wazazi wasioishi na mtoto waliopita kwenye usuluhishi, asilimia 28 walikuwa wakimwona mtoto wao angalau mara moja kwa wiki. Kwa waliopita kwenye kesi, walikuwa asilimia 9. Familia hizo zilikuwa chache na Virginia si Mbagala. Hata hivyo naliamini somo lake, kwa sababu linaendana na akili ya kawaida: mtu hutunza zaidi ratiba aliyoshiriki kuitunga.

Kazi imefaulu lini?

Usipime kazi yako kwa kusubiri wazazi wacheke pamoja. Pengine hawatasalimiana kwenye mahafali ya mtoto wao. Pima kwa maswali haya: Je, mtoto anajua leo atalala wapi? Anaweza kuitaja nyumba ya pili kwa sauti ya kawaida akiwa katika nyumba ya kwanza? Ada imelipwa bila yeye kuiomba? Ameacha kupeleka salamu za ugomvi? Kama majibu ni ndiyo, umefaulu, hata kama watu wawili wale bado hawawezi kutajana majina.

Na kwa wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi, wa kata na wa dini, ombi langu ni la vitendo. Siku mtakapoona kwamba ndoa iliyo mbele yenu haiponi, msifunge kikao bado. Kabla hamjaandika kwamba mmeshindwa, chukueni karatasi ya pili na muulize: mtoto analala wapi kuanzia usiku wa leo? Shule yake inalipwa na nani? Mzazi mwingine anamwona siku zipi na saa ngapi? Anakabidhiwa wapi, na nani? Wakikosana, wanamwona nani kabla ya kuonana wenyewe? Andikeni majibu, hata yakiwa ya miezi mitatu tu, kila mmoja aondoke na nakala. Sheria imewaita kuokoa ndoa, na pale mlipofanya yote mliyoweza hakuna wa kuwalaumu. Lakini mtoto naye yumo katika shauri lile, na nusu saa ya ziada kwenye kikao chenu inaweza kumwepusha na miaka ya kugombaniwa.